Kongosho la Mzee Panseok

Mwezi wa sita ukifika kijijini kwetu, hapa Korea, hakuna anayekaa. Plamu huvunwa zikiwa bado za kijani. Alfajiri utasikia matawi yakitikiswa mlimani. Mchana utawakuta akina mama uani wanaosha plamu, wanachomoa vikonyo, na wanapiga soga.

Ua wenye kelele kuliko yote ni wa jirani yangu Jomrye. Mimi na yeye tumetenganishwa na ukuta mfupi tu. Kwa hiyo haya ninayowasimulia, mengine niliyaona, na mengine niliyasikia bila hata kutega sikio. Jomrye hajui kunong'ona.

Ni mwanamke mfupi, mkavu, mwepesi wa mikono na mdomo. Tunamwita Mama Miran, kwa jina la binti yake wa pekee. Kilichompa sifa hapa kwetu ni dawa yake ya plamu. Huchukua plamu, huzichanganya na sukari kilo kwa kilo, huzishindilia ndani ya mitungi ya udongo, kisha huziacha. Siku mia zikipita, huchuja maji yake. Ni maji ya rangi ya kahawia, matamu, yenye uchachu unaoamsha ulimi. Tumbo likikuuma, unakunywa. Ukitoka juani umechoka, unakunywa. Kila nyumba ina mtungi wake, lakini ya Mama Miran watu huifuata hata kutoka ng'ambo ya mto.

Mgeni akiuliza, "Na sukari yote ile?" Jomrye humcheka.

"Sukari gani? Siku mia hizo plamu zimeshaila yote. Iliyobaki ni dawa."

Kijiji kizima tuliamini hivyo. Mama zetu walisema hivyo, na mama zao pia.

Mumewe, Mzee Panseok, ni mrefu na mwembamba. Hajapata kunenepa maishani mwake, ila uzeeni alitoa kitumbo kidogo kigumu chini ya shati, ambacho hakuna aliyekijali. Watu walimsifu. "Huyu atafika miaka mia," walisema. Sisi tulikua tukiambiwa kwamba kisukari ni ugonjwa wa matajiri wenye vitambi. Mtu mwembamba, anayeshinda mlimani akipogoa miti, kisukari atakitoa wapi?

Mwaka ule Miran alikuja kusaidia mavuno pamoja na mumewe. Mumewe ni mzungu wa Nyuzilandi, anaitwa Callum. Anafundisha mjini Busan, na Kikorea chake kinatosha kujibu utani. Ni mtu mkubwa. Akikaa sakafuni kula, anahitaji nafasi ya watu wawili. Kwetu mkwe akija, mama mkwe huchinja kuku, na Jomrye alichinja jogoo mnene kuliko wote.

"Kula, mwanangu, kula," alimwambia huku akimwekea paja la pili. Kisha akamtazama tumbo. "Lakini wewe, kisukari kinakunyemelea. Angalia mzigo huo!"

"Mama, unanichinjia kuku halafu unanitukana?"

"Kuku ni haki ya mkwe. Matusi ni nyongeza."

Callum alicheka mpaka meza ikatikisika. Panseok hakucheka. Alikuwa akinywa maji, glasi juu ya glasi. Tangu masika alikuwa akikonda, naye alikuwa mwembamba tangu hapo. Suruali aliifunga kwa kamba. Kila mara alikwenda chooni. Akipanda mlima, alipumzika njiani, jambo ambalo hatukulizoea kwake.

Jomrye aliona yote hayo, na alikuwa na jibu lake. Mume akikonda, alishwe. Alimjazia wali mweupe mpaka ukawa kilima juu ya bakuli. Baada ya wali alimmenyea pea. Na asubuhi, mchana na jioni alimpa glasi kubwa ya dawa ya plamu, ili apate nguvu. Mume alivyozidi kukonda, ndivyo mke alivyozidi kumjazia. Alifanya hivyo kwa upendo, na nitamtetea mbele ya yeyote.

Siku hiyo ya kuku, Miran alimtazama baba yake miguuni.

"Baba, joto lote hili umevaa soksi za baridi?"

"Niache nile."

"Na hilo doa la njano kwenye soksi ni nini? Vua."

"Nimesema niache nile."

"Baba, vua!"

Alivua. Kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia palikuwa na kidonda kibichi, na kingo zake zilikuwa nyeusi. Kisiki cha tawi kilikuwa kimetoboa buti lake la mpira wakati wa kupogoa, mwishoni mwa baridi. Miezi ilikuwa imepita.

Jomrye alimpiga kofi la mgongo. "Mzee wewe! Mguu unaoza na wewe unanyamaza?"

"Hakiumi," alisema Panseok. "Kingeuma ningesema. Nikajua kitapona chenyewe."

Callum aliweka chini vijiti vyake vya kulia. "Kidonda kama hiki kisiume?" aliuliza polepole. "Hiyo ndiyo mbaya zaidi, Baba."

Wakaondoka saa ileile kwenda zahanati; ya huko Jomrye alinisimulia mwenyewe. Yupo pale Nesi Pyo, mwanamke mwenye miwani na subira. Amewahudumia wazee wa vijiji vyetu kwa miaka mingi, na anajua nani ana ugonjwa gani na nani anadanganya kuhusu dawa zake.

Nesi alikiangalia kidonda, akauliza kuhusu kiu na kukojoa, kisha akachukua kile kifaa kidogo cha kupima sukari.

"Naomba kidole, Mzee."

"Cha mguu au cha mkono?" Panseok alijaribu kutania.

Tone la damu likapimwa. Nesi aliitazama namba, akarudia tena. Sukari ilikuwa karibu mara tatu ya ile inayotakiwa.

"Mzee Panseok, una kisukari. Na kimekuwepo muda mrefu."

"Haiwezekani!" Jomrye aliruka. "Huyu? Huyu mkavu kama ufito? Nesi, mashine yako imeharibika. Mpime huyu mkwe wangu! Ukimpima huyu itapasuka!"

"Mama!" Miran aliona haya.

"Mpime!"

Callum alinyoosha kidole mwenyewe. Sukari yake ilikuwa ya kawaida, tena wakati tumbo limejaa kuku. Jomrye aliitazama namba ile, akamtazama mkwe, akamtazama mume.

"Kaeni," alisema Nesi Pyo. "Hili ni jambo ambalo kila Mkorea angepaswa kulijua. Nyuma ya tumbo la chakula kuna kiungo kinaitwa kongosho. Kazi yake mojawapo ni kutoa insulini. Ukila wali, unageuka sukari, sukari inaingia kwenye damu. Insulini ndiyo inayoifungulia mlango iingie mwilini ikawe nguvu. Insulini isipotosha, sukari inabaki kwenye damu. Ndiyo maana Mzee anakula na bado anakonda. Chakula kinapita mlangoni bila kuingia ndani."

"Lakini mimi si mnene," alisema Panseok.

"Mafuta hayakai chini ya ngozi tu, Mzee. Mengine hujificha ndani, kwenye ini na kwenye kongosho lenyewe. Hebu pandisha shati. Hiki kitumbo kigumu kimetoka wapi, na mikono yako ni mifupa mitupu?"

Panseok akashusha shati haraka.

"Watafiti wa hapa kwetu waliwalinganisha Wakorea wenye afya na wazungu wenye afya," Nesi aliendelea. "Umri mmoja, unene mmoja. Wakawapiga picha za ndani ya tumbo. Kwa wastani, kongosho la Mkorea lilikuwa dogo zaidi, na mafuta yaliyokuwa ndani yake yalikuwa mengi zaidi. Insulini yetu pia ilikuwa kidogo kuliko yao. Mafuta hayo yanadhuru kiasi gani, wataalamu bado wanachunguza. Lakini hili linajulikana: sisi huugua kisukari tukiwa bado wembamba. Mzungu anaweza kubeba kilo nyingi kabla kongosho lake halijashindwa. Letu hushindwa mapema."

"Kwa hiyo sisi tumeumbwa vibaya?" Jomrye aliuliza kwa hasira.

"Hapana, Mama Miran. Tumeumbwa hivi tulivyo. Kosa ni kujipima kwa tumbo la mtu mwingine."

Callum alijipapasa tumbo kwa furaha. "Basi mimi niendelee?"

"Wewe usishangilie," alisema Nesi. "Nimesema kwa wastani. Wazungu wanene pia wanaugua, tena kwa mamilioni. Kongosho lako limevumilia leo, halijakupa hati ya kudumu."

"Umesikia?" Jomrye alimgeukia mkwe.

Hospitalini mjini, Nesi alikowatuma, daktari alisafisha kidonda na kumlaza Panseok. Picha zilionyesha kweli mafuta kwenye kongosho la mzee yule mwembamba. Kisha daktari aliwaita Jomrye na Miran pembeni, akasema waziwazi.

"Sukari ikishuka na kubaki chini, kidole kina nafasi ya kupona. Isiposhuka, nitakikata. Na nikishakata kidole, huenda siku moja nikakata mguu."

Nyumbani mambo yalibadilika. Jomrye alichanganya shayiri na kunde kwenye wali, akaupunguza mpaka ukawa nusu bakuli. Kama Nesi alivyomfundisha, kwanza alimpa Panseok mboga, kisha samaki au tofu ya soya, na wali mwishoni. Baada ya kula, mzee alifanya mazoezi ya mikono akiwa amekaa, kwa sababu mguu ulitakiwa upumzike. Dawa alimeza kwa wakati. Pea zilihamia kwangu juu ya ukuta, na mimi sikuzikataa.

Lakini kidonda kiligoma. Sukari ilishuka kidogo, ikagota hapo. Daktari aliongeza dawa, akataja tena kisu. Jomrye alianza kunyamaza, na ukiona Jomrye kanyamaza, ujue nyumba ina msiba.

Nesi Pyo alikuja kubadilisha bandeji. Aliinama sakafuni, akakifunga kidonda vizuri, akajifuta jasho. Jomrye hawezi kumwacha mgeni aondoke na koo kavu. Akamletea glasi ya maji baridi yaliyochanganywa na dawa ya plamu. Na mumewe akamletea glasi yake.

Nesi alikunywa funda moja. Akaiweka glasi chini.

"Mama Miran, hii Mzee anakunywa mara ngapi?"

"Baada ya kila mlo. Na akiamka. Sasa namwekea nzito zaidi, kwa sababu anaumwa."

"Uliweka sukari kiasi gani?"

"Kilo kwa kilo, kama watu wote. Lakini imekaa siku mia na zaidi. Sukari imeshakwisha."

"Ilikwenda wapi?"

Jomrye aligeuka akaitazama mitungi yake uani. Labda maishani mwake hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo.

"Sukari nyeupe inavunjika, inageuka sukari za aina nyingine," alisema Nesi kwa upole. "Haiendi popote. Ulimi wako unakuambia bado ni tamu. Hii si dawa. Hii ni shira."

Nilikuwa upande wangu wa ukuta niking'oa vitunguu. Nilisubiri mlipuko. Dawa ya Jomrye kuitwa shira, ndani ya nyumba yake mwenyewe!

"Sikuamini," Jomrye alisema. "Wewe ni msomi na nakuheshimu, lakini sikuamini. Kifaa cha kupimia tunacho. Nitamnyima, nitampima mwenyewe, nitaona kwa macho yangu."

"Fanya hivyo," alisema Nesi. "Ndivyo inavyotakiwa."

Hapa ndipo nilipoanza kumstahi Jomrye kwa namna mpya. Wengine wangemfukuza nesi. Wengine wangekubali kwa mdomo na kumimina kwa siri. Yeye hakubadilisha kitu kingine chochote. Wali uleule, mboga zilezile, dawa zilezile za hospitali. Aliondoa glasi ile tu, akaweka maji matupu. Panseok alilalamika kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

"Walau kijiko, Mama Miran."

"Kijiko utakilamba kaburini. Lete kidole."

Siku ya kwanza namba ilishuka. Jomrye alisema ni bahati. Ikashuka tena. Akasema ni hali ya hewa. Wiki ilipokwisha ilikuwa imeshuka mpaka mahali ambapo dawa zote za daktari zilikuwa zimeshindwa kuifikisha. Aliishika ile mashine mkononi, akaenda kusimama katikati ya mitungi yake.

Alilia kwa sauti. Nilitaka kuruka ukuta, lakini Panseok alinitangulia, akichechemea.

"Mkono huu," Jomrye alikuwa akisema. "Mkono huu huu ulikuwa unakuua. Kila ulipokonda, niliongeza. Nilikuwa nakuua huku nakubembeleza!"

"Acha hizo. Nilikunywa kwa mdomo wangu."

"Kwa sababu nilikupa!"

"Ulinipa kwa sababu ulinitaka hai," alisema Panseok. "Na sasa umeninyima kwa sababu hiyohiyo. Mimi sina kesi na wewe, Mama Miran. Twende ndani, daktari amenikataza kusimama."

Mzee yule si msemaji. Nimeishi jirani naye miaka yote hiyo, na hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akiyasema kwa mkupuo.

Kidonda kikaanza kubadilika. Kingo nyeusi zilitoka, nyama nyekundu ikaota. Sukari ilibaki chini. Majira ya baridi yalipoingia, daktari alikibonyeza kidole kila upande, akasema hakuna haja ya kukikata. Kuhisi maumivu hakujarudi sawasawa, kwa hiyo Jomrye humkagua nyayo kila jioni, na buti lake hulikung'uta kabla hajalivaa. Panseok akarudi kupogoa.

Mwezi wa sita mwingine ukaja. Akina mama tulikusanyika kwenye ukumbi wa kijiji kula pamoja kabla ya mavuno. Kama kawaida, watu walikuwa wakimsubiri Jomrye atoe mtungi. Alisimama mikono mitupu.

"Leo sina cha kuwamiminia," alisema. "Ile niliyowapa miaka yote ni sukari. Siku mia, siku elfu, ni sukari. Ilikaribia kunikatia mguu wa mume. Plamu nitaendelea kuzitengeneza. Nyingi nitazitia chumvi. Shira nitatengeneza kidogo, ya kupikia, na nitaiita shira. Asiwepo tena mtu hapa anayempa mgonjwa kikombe akidhani ni dawa."

Mama mmoja, Bunnam, ambaye mitungi yake siku zote ilikuwa ya pili kwa sifa, alicheka. "Ala! Sasa ya kwako imeharibika, unataka na za wenzako zimwagwe?"

"Bunnam, ya kwako ni tamu kuliko yangu," alisema Jomrye. "Ndiyo maana nakuhofia zaidi."

Ukumbi mzima uliangua kicheko, na Bunnam mwenyewe akacheka. Lakini mimi nilijua maneno yale yalimgharimu nini. Aliivua sifa yake ya maisha mbele ya watu wote, kama mtu anavyovua kanzu, ili sisi tupone. Sijui kama ningeweza.

Nesi Pyo alikuwa amekuja na kifaa chake. Jomrye alimwomba aje, asubuhi, kabla hatujala.

"Msinitazame tumbo," alituambia Nesi. "Wala msijitazame kwenye kioo. Wembamba na wanene, leteni vidole. Atakayekuwa na namba kubwa atakwenda kupimwa vizuri hospitali. Mapema dawa ni chache, na mara nyingine chakula na kutembea vinatosha."

Tukapanga foleni. Wanawake kadhaa walikutwa na sukari ya juu, na wote wawili waliokuwa na namba mbaya zaidi walikuwa wembamba. Bunnam, mnene wetu, alikutwa salama, akatamba ukumbini mpaka Nesi alipomkalisha na kumwambia yale aliyomwambia Callum.

Jomrye alikuwa anapanga watu, anasukuma huyu, anamvuta yule. Panseok alikuwa ameketi karibu na mlango akimsubiri waende shambani.

"Na wewe?" alimuuliza mkewe.

"Mimi? Mimi nina kazi."

"Wewe ni mwembamba kuliko mimi. Na ulikuwa unaonja kila mtungi."

Jomrye alisimama. Mwaka mzima alikuwa amemchoma mumewe vidole, na hakuwahi kufikiria kuchoma cha kwake. Alikaa mbele ya Nesi, akanyoosha mkono, akafumba macho.

Nesi aliisoma namba, akavua miwani. "Imeanza kupanda, Mama Miran. Bado si kisukari, lakini iko njiani. Umekiwahi."

Jomrye aliitazama namba ile, kisha akamtafuta mumewe kwa macho. Panseok alikuwa amekwisha inuka. Alipita katikati yetu sote, akamshika mkewe mkono. Kwa wazee wa kijiji chetu jambo hilo halifanywi mbele za watu, na yeye hakutazama pembeni.

"Haya, twende," alimwambia. "Nesi amesema kutembea. Leo mimi ndiye nitakayekuongoza."

Wakatoka. Tulisogea mlangoni tukawatazama wakipanda njia ya mlimani wameshikana mikono, mzee akitangulia kwa miguu yake miwili.